Deni la Marehemu: Nani Alipe, Nani Asamehe?



Katika mazishi yetu kuna dakika moja ambayo watu wengi hawaitilii maanani. Baada ya wasifu wa marehemu kusomwa, na kabla ya neno la shukrani, msemaji wa familia husema: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia baada ya mazishi. Watu hunyamaza kidogo, kisha ratiba huendelea. Jirani zetu Waislamu nao hutangaza hivyo hivyo, na kwao deni la marehemu hulipwa kwanza ndipo mirathi igawanywe. Ni tangazo zuri. Lakini mara nyingi huishia kuwa tangazo tu. Wanaodai huona haya kujitokeza mbele ya wafiwa, na wanaodaiwa huketi kimya chini ya turubai mpaka chakula kiletwe.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu wakati wa likizo ndefu ya mwaka jana nilitumwa kudai deni la namna hiyo. Niliyoyaona yamenifundisha kitu ambacho sikukipata darasani, ingawa baadaye niligundua kwamba vitabu vya darasani vilikuwa vimekisema tangu zamani.

Nyumbani kwetu ni wilaya ya Mbinga, kwenye milima ya kahawa. Mama yangu ni mjane, analima mahindi na kufuga nguruwe wachache. Mwezi wa Februari, ambao kwetu ni mwezi wa njaa kwa sababu mahindi mapya bado yako shambani, jirani yetu mmoja alichukua kwake magunia manane ya mahindi kwa mkopo. Bei ilikuwa 80,000 kwa gunia, ile ile ya sokoni wakati huo, yaani 640,000 kwa yote. Fedha zake zilikuwa zimeishia kwenye mbolea na vibarua wa kahawa. Walikubaliana kwamba angelipa akipata malipo ya kahawa. Hawakuandikiana hati. Mama aliandika kwenye daftari lake, na jirani akaandika kwenye la kwake.

Mwezi wa Julai jirani yule aliugua siku chache, akafariki. Sehemu kubwa ya kahawa yake ilikuwa imekwisha kupelekwa chamani, lakini malipo hayajatoka. Aliacha mke na watoto wanne.

Mama alikwenda msibani, akapika pamoja na wanawake wenzake, akatoa rambirambi yake, na hakusema neno juu ya mahindi. Alisubiri arobaini ipite. Lakini Oktoba ilikuwa inakaribia, na mdogo wangu wa kike alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Fedha ya mahindi ndiyo iliyokuwa ada yake. Jioni moja mama akaniambia, "Frateri, kesho nenda kwa mama yule. Mimi nikienda tutalia wote wawili, na hatutasema chochote."

Nilipofika, yule mama aliniona tangu njiani. Akatoa kiti kizuri, akakifuta kwa kanga, akamtuma mtoto awaite wenzake waliokuwa wanachota maji. "Frateri amekuja kutusalia," akawaambia.

Nilisali nao. Sala ile haikuwa kisingizio. Nilimfahamu marehemu tangu utoto wangu, na watoto wale walikuwa wafiwa. Tulisali makumi mawili ya rozari. Tulipomaliza nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa sala, na nimekuja pia na ujumbe wa mama." Sikutaka niondoke akibaki na furaha ya kutembelewa, kisha kesho yake apate habari za deni kwa mtu mwingine.

Hakushtuka. Aliingia ndani akarudi na daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Marehemu alikuwa ameandika kila kitu humo: mbolea aliyokopeshwa na chama cha ushirika, siku za vibarua, ada ya shule, zaka. Kwenye ukurasa mmoja aliandika: "Mama Frateri, mahindi gunia 8, 640,000." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Nimelipa 80,000. Baki 560,000." Tarehe ilikuwa ya mwezi wa Juni.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa maana daftari la mama halikuwa na malipo hayo. Nilipomweleza, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba mwezi wa Juni alikuwa msibani kwa dada yake, na jirani yule alifika akampa fedha mkononi. Alishangaa kidogo kuona ni nyingi kuliko desturi, akashukuru sana, akaziweka pamoja na rambirambi nyingine. Yaelekea mwenye kulipa naye aliona si mahali pa kuanza kuzungumza habari za magunia.

Je, ilikuwa rambirambi au malipo? Aliye hai angeulizwa. Marehemu haulizwi. Mama angeweza kusema, bila uongo wa wazi, kwamba yeye alipokea rambirambi. Hakuna ambaye angembishia. Lakini alisema hivi: "Yule aliandika deni lote la magunia manane wakati hakuna aliyemwona akiandika. Kama alikuwa mkweli kwa lililo dhidi yake, nitamwita mwongo kwa lililo upande wake?" Akachukua kalamu, akasahihisha daftari lake: baki 560,000.

Nimesoma kurasa nyingi juu ya haki. Sidhani kama nimekutana na hoja safi kuliko hiyo. Daftari linalomdai mwenyewe lina haki ya kumtetea pia. Na anayemdai marehemu ana wajibu mkubwa kuliko anayemdai aliye hai, kwa sababu mwenzake hana mdomo. Kila shilingi inayoongezwa juu ya deni la marehemu inachukuliwa kutoka kwa mtu asiyeweza kusema hapana.

Mwishoni mwa Agosti ukoo wa marehemu uliitisha kikao, na mama akaalikwa pamoja na wadai wengine wawili. Mdogo wake marehemu, ambaye watoto wanamwita baba mdogo, alianza kwa kusema kwamba deni limezikwa pamoja na mwenye deni. Wazee hawakumkubalia. Basi akageuka upande wa pili kabisa. Akasema, ili shauri liishe siku hiyo hiyo na ukoo usisumbuliwe, wadai wachukue kilichopo ndani ya nyumba. Kilichopo kilikuwa cherehani ya shemeji yake.

Cherehani ile haikuwa ya marehemu. Mama yule aliinunua kwa fedha ya ushonaji wake mwenyewe, na kwa miezi ile ndiyo iliyokuwa inaleta chumvi na sabuni. Alikuwa ameketi pale pale, ameinama, hakusema neno. Watu walimtazama mama yangu. Naye akajibu kwa upole, "Baba, mimi nilimkopesha marehemu mahindi. Fundi cherehani sikumkopesha kitu."

Ninajua alikotoa maneno hayo. Baba yangu alipofariki, nilikuwa bado shule ya msingi. Kabla wiki haijaisha mtu mmoja alikuja akasema anamdai baba, akaondoka na baiskeli yake. Hakuonyesha karatasi wala shahidi. Mpaka leo hatujui kama lilikuwepo deni. Mama alijua tangu siku hiyo kwamba deni la marehemu likidaiwa vibaya huwa wizi, na mwibaji hutoka akiwa amepewa pole.

Nilipokuwa nasikiliza kikao kile nilikumbuka sura mbili za Maandiko. Ya kwanza ni Kumbukumbu la Torati sura ya 24. Humo Waisraeli wanakatazwa kutwaa rehani jiwe la kusagia, kwa sababu kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Wanakatazwa kutwaa vazi la mjane. Na anayedai anaagizwa asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchagua kitu. Asimame nje, mwenye nyumba amletee. Torati haisemi kwamba deni limefutwa. Inaweka mpaka wa mkono wa anayedai. Kwetu Mbinga, cherehani ya mjane ndiyo jiwe la kusagia.

Ya pili ni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mke wa mmoja wa wana wa manabii, yaani mtu wa nyumba ya Mungu kabisa, anamlilia Elisha: mume wake amekufa, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tunaipenda habari hii kwa sababu ya mafuta yaliyoongezeka, na mara nyingi tunahubiri muujiza tukasahau hesabu. Elisha hamwambii mjane amkimbie mdai. Wala hamwendei mdai kumwamuru asamehe. Anamuuliza mjane ana kitu gani nyumbani. Mafuta yanapojaa vyombo, anampa utaratibu: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Watoto hawachukuliwi, na deni linalipwa. Yote mawili.

Sheria ya nchi yetu inafuata utaratibu unaofanana na huo, na ni vizuri waumini waujue. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linamwagiza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo akusanye mali ya marehemu na fedha alizokuwa anadai, alipe madeni ya marehemu na gharama za usimamizi, na baada ya hapo ndipo awagawie warithi. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au muda zaidi ambao mahakama itakubali, anapaswa kupeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, na baadaye hesabu kwa Fomu Na. VI. Deni la marehemu linatoka katika mali ya marehemu. Halitoki mfukoni mwa mjane, wala haliendi na mali yake binafsi.

Wazee wa kikao waliukubali utaratibu huo. Marehemu na familia yake waliishi kwa mila, kwa hiyo shauri lilikwenda Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao uliandikwa, cheti cha kifo kikafuatiliwa, na ukoo ukampendekeza mjane mwenyewe kuwa msimamizi. Chama cha ushirika hakikutoa fedha ya kahawa mpaka barua ya mahakama ilipofika. Nacho kilikata kwanza deni lake la mbolea, bila aibu na bila kusubiri arobaini. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Ninasema ili tuone kwamba taasisi hujua kudai kilicho chao, na jirani maskini ndiye anayeambiwa kwamba kudai ni ukosefu wa huruma.

Maana ndivyo nilivyoambiwa. Katika siku zile watu kadhaa wa jumuiya walinijia kwa nia njema. "Frateri, mwambie mama asamehe. Wewe unakwenda kuwa padre. Itakuwa mfano." Nami nilivutwa na wazo hilo. Lingependeza. Ningerudi seminarini nikiwa na habari nzuri ya kusimulia.

Lakini lile deni halikuwa langu. Mahindi hayakuwa yangu, jasho halikuwa langu, na ambaye angekosa nafasi ya chuo hakuwa mimi. Niliona kwamba ningemwomba mjane mmoja amlipie mjane mwingine, ili mimi nipate sifa ya huruma. Paulo alipotaka Onesimo asidaiwe na Filemoni, hakumhubiria Filemoni juu ya ubaya wa kudai. Aliandika kwa mkono wake kwamba kama mtumwa yule anadaiwa kitu, kiwekwe kwenye hesabu yake Paulo, naye atalipa. Huyo ana haki ya kuomba msamaha wa deni la mwingine. Basi niliwajibu wale wa jumuiya: kama tunataka deni hili lisamehewe, tuchange 560,000, tumpe mama. Wengine walicheka. Mmoja alikaa akifikiri, akasema, "Kumbe kusamehe ni gharama."

Ndiyo, ni gharama, na ndiyo maana ni tendo kubwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2411, inataja kulipa madeni kati ya mambo ambayo haki inatudai bila kulegeza. Huruma inakuja juu ya haki hiyo, haiji mahali pake. Anayedai peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kusamehe. Mhubiri anaweza kumwomba, kumwonyesha hali ya mdaiwa, na kusali. Hawezi kusamehe kwa niaba yake, wala kumwaibisha mpaka asamehe. Msamaha uliotolewa kwa aibu ya mbele ya watu ni namna nyingine ya kuondoka na baiskeli ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo lile daftari lilifichua. Wadai watatu walijitokeza baada ya mazishi. Wadaiwa hawakujitokeza. Lakini marehemu alikuwa ameandika watu watatu aliowakopesha: mmoja fedha, mmoja mbegu, mmoja siku za kulimiwa. Wote walikuwepo makaburini, na wawili walibeba jeneza. Mjane alipokuwa msimamizi aliwaendea. Wa kwanza alilipa siku hiyo hiyo, akisema alikuwa anangoja kuulizwa. Wa pili aliomba muda. Wa tatu alisema deni lilikuwa kati yake na marehemu tu.

Kwa huyo wa tatu Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana jibu. Anapozungumzia kurudisha mali ya watu katika Summa Theologiae, anasema kwamba kama anayestahili kurudishiwa amekufa, arudishiwe mrithi wake, kwa kuwa mrithi huhesabiwa kama mtu mmoja naye. Kwa hiyo mtu aliyekopa kwa baba hajapona deni kwa sababu baba ameingia kaburini. Sasa anawadai watoto wakae bila daftari na kalamu ili yeye abaki na fedha ya baba yao. Kimya chake pale turubaini kilikuwa na bei, na walioilipa ni yatima.

Mama alilipwa mwezi wa Desemba, 560,000 kamili, mbele ya mashahidi wawili wa ukoo, na wote wakatia sahihi. Kabla ya hapo mdogo wangu alikuwa amekwisha kuanza chuo. Mama aliuza nguruwe wawili kwa bei isiyoridhisha, na chuo kikakubali sehemu ya ada ilipwe baadaye. Deni la marehemu ndilo lililomalizia. Kama angesamehe kwa kusukumwa, mdogo wangu angerudi nyumbani Januari.

Februari mwaka huu, njaa ilipofika tena, mama alimpelekea yule mama gunia moja la mahindi. Hakuniambia, niliambiwa na mdogo wangu kwa simu. Nilipomuuliza mama kama ameliandika kwenye daftari, alijibu, "Hilo si la daftari." Wanawake wale wawili bado wanaketi benchi moja kanisani. Sidhani kama wangeketi hivyo kama cherehani ingechukuliwa, na sidhani kama wangeketi hivyo kama mama angenyamaza na kubaki na manung'uniko ya ada moyoni.

Ndugu zangu mafrateri, siku moja tutasimama makaburini tukiwa mapadre, na baada ya baraka watu watatufuata na mambo kama haya. Tukumbuke kwamba kanuni ya 285 §4 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inamkataza kleri kusimamia mali za walei bila ruhusa ya mkubwa wake wa Kanisa, na kuweka dhamana bila kushauriana naye, hata kwa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo ukoo ukisema "Padre awe msimamizi wa mirathi, tunamwamini", jibu si kukubali kwa sababu tumesifiwa. Kazi yetu pale ni nyingine: kuhakikisha mjane ana mtu wa kumsindikiza mahakamani, kwamba wazee wanajua nini ni mali ya marehemu na nini si yake, na kwamba anayedai kwa haki hatangazwi kuwa mkatili.

Nanyi wapendwa waamini, mambo ni machache na yanawezekana. Ukikopa au kukopesha, hata kwa ndugu, andika, na mwingine awe na nakala. Ukilipa, sema wazi kwamba unalipa. Mwenzako aijue sehemu lilipo daftari lako. Ukimdai marehemu, nenda kwa utulivu baada ya siku za msiba, na kilicho chako tu, ukipitia kwa msimamizi. Na kama unadaiwa na marehemu, usingoje kuulizwa.

Mwezi wa Novemba tutajaza tena bahasha za nia za Misa kwa ajili ya marehemu wetu. Ni jambo takatifu, tusiliache. Lakini yupo marehemu ambaye watoto wake wameandika nia yake miaka mitano mfululizo, na jirani anayemdai magunia matatu anapita mbele ya nyumba yao kila siku akienda shambani. Watoto hao wamsalie baba yao, halafu wamlipe yule jirani. Nina hakika baba anasubiri yote mawili.